Daftari na Habari: Kusoma Historia ya Chuo Kidogo cha Nairobi

Utangulizi

Methali ya Kiswahili yasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida hutumiwa kumwonya mwenye duka asiyeandika anachouza na anachokopesha. Hata hivyo, mhakiki akiitazama kwa makini ataona kwamba imebeba nadharia fupi ya uandishi wa historia. Daftari ni safu za tarakimu na tarehe. Habari ni masimulizi ya watu kuhusu watu. Methali yadai kwamba daftari ndilo mlinzi wa habari: palipoandikwa hesabu, hakuna kitu kinachotoweka kimyakimya.

Makala haya yanaichukua methali hiyo na kuisomea historia ya Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kisha kuuliza swali ambalo methali yenyewe haikuliuliza. Daftari likiwapo, tena likiwa limetunzwa vizuri, ni habari gani zinazoweza kupotea hata hivyo?

Taasisi hii haikuteuliwa kwa bahati nasibu. Kwanza, ni chuo kilichokua kutokana na ufundishaji wa uhasibu, kwa hiyo daftari kwake si sitiari tu. Pili, katika maisha yake kimekaa mahali pawili, na mara zote mbili jirani yake alikuwa mtaa wa mabanda. Kilizaliwa Lavington, ambako ukishuka kuelekea magharibi unaingia Kawangware. Baadaye kilihamia Madaraka, ambako Kibera haiko mbali. Orodha ya tarehe za chuo haina safu ya majirani. Hapo ndipo uhakiki unapopata kazi.

Chuo, kitabu na mwanachuoni

Inafaa kuanza na neno lenyewe. Katika Kiswahili cha kale "chuo" ni kitabu. Baadaye neno likaja kutaja mahali ambapo watoto wa mwambao walifundishwa kusoma Kurani, na aliyebobea katika elimu hiyo akaitwa mwanachuoni. Kuongeza sifa "kikuu" ili kupata jina la taasisi ya shahada ni jambo la karne ya 20. Kwa hiyo neno moja limekusanya mambo matatu: kinachosomwa, mahali pa kusomea, na mtu anayesoma. Lugha ambayo haikutenga kitabu na mahali pake inaruhusu, hata inadai, kwamba chuo nacho kisomwe kama matini: chenye mwanzo, wahusika, mandhari na ukimya wake.

Mwanzo wa matini hii ni Machi 1961. Hali ya hatari ilikuwa imeondolewa mwaka uliotangulia, na uhuru ulikuwa bado miaka miwili na ushei mbele. Elimu nchini Kenya ilikuwa imegawanywa kwa rangi: shule za Wazungu, za Waasia, za Waarabu na za Waafrika, kila kundi na bajeti yake na majengo yake. Katika mazingira hayo Strathmore ilifungua milango ikiwa chuo cha kidato cha 5 na cha 6, ikawa taasisi ya kwanza ya kiwango hicho nchini kuwaweka vijana wa rangi zote na dini zote katika chumba kimoja. Waanzilishi wake walikuwa waumini wa Opus Dei, taasisi ya Kanisa Katoliki, waliohimizwa na mwasisi wake, Josemaría Escrivá. Mkuu wa kwanza wa chuo alikuwa Mmarekani, David Sperling.

Sperling hakubaki msimamizi tu. Alikuwa mwanahistoria, na mwaka 1988 alikamilisha tasnifu ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha London kuhusu kukua kwa Uislamu miongoni mwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya kati ya 1826 na 1933. Kazi hiyo haikuweza kufanywa kwa nyaraka za serikali peke yake. Ilimlazimu mtafiti aende vijijini akae na wazee, awaulize nani alisilimu kwanza, nani alijenga msikiti, nani aliwafundisha watoto chuoni. Huyu basi ni mwasisi aliyejua, kwa kazi yake mwenyewe, kwamba historia ya taasisi yoyote haimo katika majalada yake tu, bali pia katika vinywa vya watu waliokaa kandokando yake. Hoja hii itarejelewa baadaye.

Kwale wa Kawangware

Jina la Kawangware limebeba ndani yake neno la Kikuyu "ngware", yaani ndege ambaye Waswahili humwita kwale. Ni ndege huyo huyo aliyeupa jina mji wa Kwale, katika nchi ya Wadigo ambako Sperling alitafuta habari zake. Sadfa ya majina haithibitishi lolote, lakini inafundisha jambo moja: kila mtaa una kumbukumbu ya wakati kabla ya wakazi wake wa sasa. Palipo na vyumba vya mabati leo, palikuwa na vichaka vya kutosha kumficha kwale.

Kawangware na Lavington ni mitaa miwili inayofahamiana kwa kazi. Alfajiri, kabla magari hayajajaa, njia zinazopanda kutoka Kawangware hujaa watembea kwa miguu: yaya, mtunza bustani, bawabu, fundi wa mawe, dobi. Jioni hurudi kwa njia zile zile. Uhusiano huu ni wa kila siku na ni wa karibu mno, kwani anayelea mtoto wa nyumba anazijua siri za nyumba. Hata hivyo, ni uhusiano wa upande mmoja wa lango. Mfanyakazi huingia kwa sababu ana kazi ndani. Kazi ikiisha, hutoka.

Ni katika mandhari haya ambapo ujasiri wa 1961 unapaswa kupimwa, na kupimwa kwa haki. Kuwaketisha pamoja mtoto wa Mwafrika, wa Mhindi na wa Mzungu palikuwa ni kukiuka desturi iliyotetewa na sheria, na aliyefanya hivyo hakusubiri bendera mpya ipandishwe. Lakini mpaka wa rangi haukuwa mpaka pekee katika ramani ya Nairobi. Nyuma yake palikuwa na mpaka wa kipato, ambao kwa muda mrefu ulifichwa na ule wa kwanza, kwa kuwa maskini na Mwafrika walihesabiwa kuwa kitu kimoja. Mpaka wa rangi ulipoondolewa, ule wa pili ulibaki umesimama peke yake, na kwa mara ya kwanza ukaonekana wazi.

Mwaka wa daftari

Mwaka 1966 chuo kilipokea wanafunzi wa kwanza wa uhasibu, waliotayarishwa kwa mitihani ya chama cha wahasibu cha ACCA cha London. Tarehe hii ndiyo mhimili wa hadithi nzima. Nchi ilikuwa huru, lakini vitabu vya hesabu vya kampuni na mabenki vilikuwa bado mikononi mwa Wazungu na Waasia. KASNEB, bodi ya Kenya ya mitihani ya wahasibu, iliundwa 1969, na taasisi ya kitaalamu ya wahasibu wa nchi, ICPAK, ikafuata 1978. Kwa maneno mengine, Strathmore ilianza kufundisha utunzaji wa daftari kabla nchi haijapata daftari lake.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1968, kilomita chache kutoka hapo, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipendekeza Idara ya Kiingereza ya chuo cha umma cha Nairobi ivunjwe, na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Historia ya fasihi imeukumbuka mwaka huo na kuusahau ule wa 1966, na si vigumu kujua sababu. Mjadala wa kitovu cha fasihi ulikuwa na sauti. Darasa la uhasibu lilikuwa na kalamu na rula. Lakini swali lilikuwa lile lile katika pande zote mbili: nani ataandika? Wengine waliuliza nani ataandika habari za Waafrika. Wengine, bila kutoa tamko, waliuliza nani ataandika hesabu zao. Taifa linahitaji majibu yote mawili, na kosa la wasomi wa fasihi limekuwa kudhani kwamba swali la pili si la heshima.

Ukuaji uliofuata ulikuwa wa hatua kwa hatua. Mwaka 1982 yalianza masomo ya jioni kwa watu waliokuwa kazini mchana. Mwaka 1989 serikali ilitoa ardhi ya hekta 5 katika Barabara ya Ole Sangale, Madaraka. Majengo yalisimama kwa msaada wa serikali ya Italia na Umoja wa Ulaya, na mwaka 1993 chuo kikahamia huko. Idhini ya muda ya kuwa chuo kikuu ilitolewa 2002, na hati kamili 2008. Naibu Chansela wa kwanza, Profesa John Odhiambo, alikuwa mtaalamu wa takwimu. Mwaka 2012 palifunguliwa kitivo cha sheria. Wakati huo Kenya ilikuwa tayari na kundi la vyuo vikuu vya kibinafsi vyenye hati, Baraton kikiwa cha kwanza mwaka 1991.

Msomaji wa fasihi ya mwambao atautambua utanzu huu mara moja. Ni tarihi. Tarihi ya Pate, ambayo nuskha zake zilianza kuchapishwa mapema katika karne ya 20, huenda kwa mwendo huo huo: sultani fulani alitawala miaka kadhaa, akafa, akamfuata mwanawe. Mtiririko ni wa watawala na miaka yao. Tarihi si uongo, wala orodha ya tarehe za Strathmore si uongo. Lakini katika tarihi aliyebeba mawe ya kujengea ukuta hana mwaka wake. Huingia katika masimulizi pale tu anapoasi au anapokufa kwa wingi.

Kianda mbili

Mwaka ule wa kuhamia Madaraka, 1993, Strathmore iliungana na Chuo cha Kianda. Hiki nacho kilianzishwa 1961, chini ya uongozi wa Olga Marlin, kikiwa chuo cha uhazili cha wasichana wa rangi zote. Waliohitimu hapo waliingia ofisini wakijua kupiga taipu na kuandika hati mkato wakati ambapo mwanamke Mwafrika katika ofisi ya Nairobi alitarajiwa kushika ufagio. Marlin aliandika kumbukumbu zake, na kwa hiyo Kianda ina kitu ambacho vyuo vingi havina: simulizi ya mwanzo iliyoandikwa na aliyekuwapo.

Neno "kianda" katika Kikuyu lina maana ya bonde. Na katika Nairobi hii hii kuna Kianda nyingine. Ni kijiji kimojawapo cha Kibera, pamoja na Makina, Lindi, Silanga, Gatwekera, Laini Saba na vinginevyo. Jina moja, bonde mbili. Katika Kianda ya kwanza msichana alifundishwa kuandika barua ya mwajiri bila kosa. Katika Kianda ya pili wapo wanawake waliolea watoto wao kwa kuuza mboga, kufua nguo za watu na kupika chapati kando ya reli, na wengi wao wanajua hesabu kwa kichwa kwa wepesi ambao mwanafunzi wa uhasibu angeuonea wivu: nani anadaiwa, tangu lini, na atalipa siku gani. Daftari lao ni kumbukumbu.

Hapa ndipo methali inapogeuka. Mali ya mwanamke wa Kianda ya pili haikupotea kwa kukosa daftari; yeye mwenyewe ndiye daftari. Kinachopotea ni habari yake, kwa sababu hakuna tarihi inayomhesabu kuwa mhusika. Kwa mujibu wa istilahi za usimulizi, Kianda ya kwanza ina msimulizi na ya pili ina mandhari tu.

Kibera na tarakimu zake

Kibera ni jina lililotokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliolitumikia jeshi la kikoloni la King's African Rifles, waliwekwa katika msitu huo mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1918 eneo la ekari zipatazo 4,000 lilitengwa rasmi. Wanubi walizika wazazi wao hapo, lakini miliki ya ardhi hawakuipata, na serikali zilizofuatana, ya kikoloni na ya baada ya uhuru, ziliipunguza ardhi hiyo kipande baada ya kipande. Mwaka 2017 walikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288. Kati ya tarakimu hizo mbili, 4,000 na 288, imo riwaya nzima ambayo haijaandikwa.

Kwa upande wa watu, tarakimu zilifanya kinyume. Kwa miaka mingi ilirudiwa katika magazeti na ripoti za wafadhili kwamba Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ikahesabu 170,070. Mabishano yaliyofuata yalikuwa zaidi ya mabishano ya takwimu. Ile milioni ilikuwa tamathali ya chuku iliyovaa nguo za hesabu: ilikusudiwa kushtua, na ilifanikiwa, na fedha nyingi zilikuja kwa jina lake. Sensa nayo, pamoja na usahihi wake, iliwahesabu watu bila kuwauliza habari. Mkazi wa Gatwekera alizidishwa na mmoja na kupunguzwa na mwingine, na katika hali zote mbili hakusema neno.

Chuo chenye asili ya uhasibu kingefaa kulielewa jambo hili kuliko taasisi nyingine yoyote. Mhasibu stadi anajua kwamba tarakimu isiyo na stakabadhi nyuma yake haikubaliki. Stakabadhi ya binadamu ni habari yake.

Lango na karo

Suala lililobaki ni la lango. Vyuo vikuu vya kibinafsi huendeshwa kwa karo, na hilo si siri wala si dhambi; mwalimu hulipwa, taa huwashwa, vitabu hununuliwa. Lakini karo ya mwaka mmoja katika chuo cha aina hii hupita kwa mbali kipato cha mwaka cha familia nyingi za Kibera na Kawangware. Mwaka 2016 serikali ilianza kuwapeleka baadhi ya wanafunzi iliowafadhili katika vyuo vikuu vya kibinafsi. Mwaka 2023 ukaja mfumo mpya wa ufadhili uliowaacha nje wanafunzi wapya wa vyuo hivyo. Mlango ulifunguliwa kwa miaka michache, kisha ukarudishwa.

Ni haki kusema kwamba Strathmore ina wanafunzi wanaosoma kwa ufadhili, na kwamba imeifanya huduma kwa jamii kuwa sehemu ya masomo ya shahada ya kwanza. Mambo haya si madogo. Kijana aliyefundishwa hisabati siku ya Jumamosi amefundishwa hisabati, na hakuna nadharia inayoweza kumnyang'anya. Uhakiki, hata hivyo, una wajibu wa kuuliza nafasi ya kila mhusika katika masimulizi. Katika simulizi ya huduma, mwanafunzi wa chuo ndiye mtenda na jirani ndiye mtendwa. Mwanafunzi hurudi akiwa amebadilika, akiandika ripoti ya alichojifunza. Jirani hubaki palepale, kama mandhari. Simulizi ya karo haimtaji jirani kabisa. Simulizi ya huduma humtaja, lakini haimpi kauli.

Huenda ikadaiwa kwamba hili ni suala la uchumi na si la fasihi. Dai hilo linasahau kwamba watu hufungiwa milango kwanza katika hadithi, ndipo hufungiwa kwa kufuli. Mwaka 1961 vijana wa rangi tofauti waliweza kuketi pamoja kwa sababu kuna watu waliokuwa wamekwisha kuisimulia Kenya ya namna hiyo vichwani mwao kabla haijakuwapo. Simulizi ilitangulia jengo. Mtoto wa Kianda ya Kibera ataingia kwa wingi pale itakapokuwapo simulizi ambayo ndani yake kuingia kwake si muujiza wala sadaka, bali ni jambo la jirani kuingia kwa jirani.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba historia ya chuo hiki kidogo ina daftari zuri: 1961, 1966, 1982, 1993, 2002, 2008. Imeonyeshwa pia kwamba daftari hilo, kama tarihi za kale, lina safu za waliotawala na kujenga rasmi, na halina safu ya waliokaa kando. Kasoro hii si ya Strathmore pekee. Kila chuo kikuu cha Nairobi, cha umma au cha kibinafsi, kina Kawangware yake na Kibera yake.

Dawa yake haihitaji kutafutwa mbali. Mwasisi wa chuo hiki alikwenda pwani akakaa na wazee wa Kimijikenda ili ajue jinsi jamii ilivyopata vyuo vyake. Njia ile ile inaweza kutumiwa Nairobi. Wapo hai wanaokumbuka Lavington ya miaka ya 1960 kwa kuifagia. Wapo mafundi waliomwaga zege katika Barabara ya Ole Sangale. Wapo akina mama waliowauzia chakula vijana wa masomo ya jioni. Wengi wao watasimulia kwa Kiswahili, lugha ambayo tarihi rasmi za vyuo vikuu vyetu huandikwa ndani yake mara chache sana. Mwanafunzi mmoja wa uzamili, akiwa na kinasa sauti na subira, anaweza kuanza kazi hiyo muhula huu. Wazee hawana mihula mingi ya kusubiri.

Mtaa ambao chuo kilihamia unaitwa Madaraka. Neno hilo hukumbusha siku ya kujitawala, tarehe 1 Juni 1963, na kwa kawaida husikika kama jina la mamlaka. Lakini katika Kiswahili fasaha mwenye madaraka ni mtu aliyebebeshwa jambo ambalo ataulizwa. Na swali atakaloulizwa huanza na hesabu, ila haliishii hapo.